Malalamiko Yangu ya Kutotukanwa Wodini

Wodi ya Wanaume Namba Mbili,
Kitanda cha dirishani,
Dodoma.
Julai, 1996.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Nidhamu ya Hospitali.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUTOTUKANWA IPASAVYO TANGU SISTA ZAITUN AONDOLEWE WODINI

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama nimekuzidi mimi, basi shikamoo yangu nitaipokea Ijumaa mtakapokaa. Nimeandika Ndugu kwa sababu ndivyo tulivyozoezwa. Nasikia siku hizi mmekuwa Waheshimiwa. Kama ndivyo, futa uandike mwenyewe, maana kalamu hii ni ya kuazima na wino wake umeanza kukohoa.

Mimi ni Kefa Ndahani, mkulima wa uwele na mfugaji, mkazi wa Msalato, darasa la nne la misheni. Mguu wangu wa kushoto niliukata mwenyewe kwa shoka nikichonga nguzo za zizi. Nikakaa nao nyumbani nikiutibu kwa majani na ubishi, mpaka binti yangu Raheli alipochoka na harufu akanipakia juu ya lori la mkaa akanileta kwenu. Daktari aliutazama, akautazama tena kwa mbali, akasema kidonda hiki kisiposafishwa na kufungwa kila siku, mguu utakatwa. Hilo ndilo jambo langu. Mengine yote yaliyomo humu ni njia tu ya kuufikia huo mguu.

Barua hii sikuianzisha mimi. Aliyeniletea karatasi na kalamu ni Katibu wa Hospitali, Bwana Anthony. Alikuwa anapita wodini na wageni wa ukaguzi, akamsikia Sista Zaitun, msimamizi wa wodi yetu, akiniambia hivi: "Mgogo wewe, sikio lina dirisha na bado halisikii. Nimesema kunja goti." Ni kweli kwamba masikio yangu yalitobolewa na kutanuliwa, kama vijana wote wa rika langu, na kikombe kidogo kinapita. Nami nikamjibu: "Mpagazi, tua mzigo kwanza ndipo utoe amri." Wodi nzima ikacheka. Mgeni mmoja naye akacheka akajifanya anakohoa. Bwana Anthony hakucheka. Kesho yake Sista akapelekwa stoo ya mashuka kusubiri Kamati, na Bwana Anthony akaja kitandani kwangu, akainama, akasema kwa upole kabisa, "Mzee, usiogope. Andika malalamiko yako yote. Kamati ikikaa Ijumaa, huyu mama tunamwondoa kazini." Nikamwuliza, "Yote?" Akasema, "Yote, mzee."

Basi haya ndiyo yote.

1. Nalalamika kwamba tangu siku hiyo hakuna mtu hata mmoja aliyenitukana.

Sijui kwenu ni wapi, Ndugu Mwenyekiti, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyowaeleza wajukuu. Sisi Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Babu zao walikuwa wanakatiza nchi yetu wakielekea pwani, wana pembe za ndovu mabegani, na pembe zenyewe si zao. Babu zetu walikuwa wamekaa kwenye visima wakiwatoza kitu ndipo wanywe. Watu waliotendeana hivyo wana njia mbili tu, wapigane mpaka waishe au wataniane mpaka kiama, na wazee wakaichagua ile isiyoharibu mavuno. Tangu hapo Mnyamwezi akinikuta anaweza kunivua kofia akaivaa, akala chakula changu nikitazama, akasema ninanuka zizi, na nikinuna nimeshindwa mimi.

Lakini huyo huyo ndiye atakayenichimbia kaburi. Alipofariki baba yangu, watani walikuja, mmoja akachukua fimbo ya marehemu akatembea nayo uani akichechemea vile vile alivyochechemea yeye, akiuliza kwa sauti ile ile ni nani aliyeiba tumbaku yake. Mama yangu alikuwa hajafungua kinywa tangu alfajiri. Alicheka mpaka akalia, na alipolia tukajua ataishi. Kisha wale wale wakaenda kuchimba, huku wakilalamika kwamba marehemu ni mrefu mno na hakuwafikiria wachimbaji.

Sista Zaitun ametoka Tabora. Mara ya kwanza kumsikia akizungumza nilimtambua. Kwa hiyo anayoniambia si matusi, ni haki yangu mgonjwa, sawa na uji. Uji bado unaletwa. Maneno ndiyo yamekatwa. Naomba nijulishwe kwa maandishi ni kifungu gani kilichoyakata.

2. Nalalamika kwamba ninaitwa mteja.

Bwana Anthony alikwenda semina ya uongozi Arusha. Alirudi na tai mbili na neno hilo moja. Sasa mlangoni pana bango, MTEJA NI MFALME, na manesi wameagizwa wakifika kitandani waseme, "Habari ya asubuhi, mteja." Wanasema, lakini wanalisema wakiwa wanatazama ukuta, kama mtu anayesoma namba ya gari.

Mteja ninamjua vizuri. Mimi ni mteja wa Mama Erica, muuza nyanya na chumvi pale sokoni Majengo, tangu mumewe akiwa hai. Mama Erica hajaniambia habari ya asubuhi hata siku moja. Ananiambia, "Wewe mzee, ukiminya tena nyanya yangu utaioa." Nami namwambia nyanya yenyewe imezeeka, haina mahari. Hapo ndipo anachagua zile nzuri za chini na kunifungia. Muuzaji anayekuitikia kwa adabu pale Majengo, chungulia chini ya gunia lake.

Sasa pima mwenyewe, Ndugu Mwenyekiti. Nikiwa mgonjwa, nina haki ya kutukanwa na mtani. Nikiwa mteja, nina haki ya kutukanwa na muuzaji. Nimegeuza huku na huku usiku na mchana, sijaona cheo ambacho mtu anaweza kukishika hapa hospitalini kikamkosesha kutukanwa. Labda ufalme, na mimi huo ufalme sikuuomba.

3. Nalalamika juu ya maji, bandeji na mapenzi ya kazi.

Hapa naomba Kamati isogee karibu, kwa sababu ndipo mguu ulipo.

Mhudumu wetu anaitwa Masudi. Sista Zaitun alimpa cheo cha Waziri wa Maji. Mabomba yakikauka, na kwenu yanakauka kama chuchu za ng'ombe wa Oktoba, Masudi alikuwa ameshatoka na ndoo kabla hajaagizwa, maana Waziri gani atakubali wizara yake iaibike mbele ya wagonjwa? Akirudi Sista anamwambia, "Mheshimiwa, haya ni maji au ni ahadi?" Masudi anacheka, anarudi kuleta nyingine. Bwana Anthony amepiga marufuku vyeo vya mzaha. Orodha mpya ya watumishi inasema Masudi ni Mhudumu Daraja la Pili. Daraja la Pili halibebi ndoo bila agizo la maandishi. Agizo liko kwa Bwana Anthony. Bwana Anthony yuko kwenye kikao. Maji yako kisimani Ipagala.

Halafu kuna manesi wawili, Frida na Tumsifu, ambao hawapendani. Chanzo nasikia ni zamu ya sikukuu, wengine wanasema ni kitenge. Sista alikuwa anawaita wake wenza. Wakifika na sinia la dawa anawauliza mbele yetu sote, "Haya wake wenza, bwana leo ni wa nani?" na bwana mwenyewe ni mguu wangu. Wanacheka kwa hasira, lakini wanacheka, na wakishacheka pamoja hawawezi tena kusimama mbali. Frida ananyanyua, Tumsifu anazungusha bandeji, mmoja anamkosoa mwenzake, na mimi ninafungwa vizuri kwa sababu kila mmoja anataka kuonyesha kwamba yeye ndiye mke mkubwa. Siku hizi wanaambiana "muuguzi mwenzangu". Wakishaitana hivyo kila mmoja anashika njia yake. Mguu kama wangu haunyanyuliwi na nesi mmoja na kufungwa na huyo huyo. Nilijaribu kumsaidia huyo mmoja kwa kuushika mwenyewe nikaanguka kutoka kitandani. Juzi nilijifunga mwenyewe. Jana haukufungwa. Leo umeanza tena ile harufu iliyonileta, na Raheli ameinusa tangu mlangoni, akakaa kimya, na binti yangu kukaa kimya ni jambo la kutisha kuliko daktari.

Ninyi mnaandika kwamba Sista hana nidhamu ya kazi. Frida alipovunja kipimajoto, Bwana Anthony alikuja akitafuta mkosaji. Sista akamwambia, "Wodi yangu imevunja, niandike mimi." Akaandikwa. Bwana Anthony alipoondoka, Sista akamgeukia Frida akamwambia kuanzia leo atapima homa kwa kiwiko kama bibi yake, na mzaha huo ukaendelea mpaka Frida akaomba afadhali angeandikwa yeye. Lakini hajavunja kingine. Siku hizi kitu kikivunjika kinavunjika chenyewe. Hakuna aliyekuwapo.

4. Nalalamika kwa niaba ya kitanda cha jirani.

Hapo amelala Bartolomayo, mtu wa upande wa Kongwa, aliyeanguka kutoka juu ya lori la mahindi akavunjika nyonga. Hana mgeni anayemjia. Alikuwa amelala kifudifudi cha roho, namaanisha macho yako wazi ila yeye hayupo. Sista alikuwa ameanza naye polepole. Kwa kuwa analala amekunja mikono kifuani alimwita Askofu, akija na uji anamwomba baraka. Siku za mwanzo hakujibu. Halafu upande mmoja wa mdomo ukaanza kucheza. Siku ile Sista anaondolewa, Askofu alikuwa ameshakula nusu kikombe.

Sasa amegeukia ukutani. Frida anamwambia, "Karibu chakula, mteja," anakiweka, anakiondoa. Nimejaribu kumtania mimi. Haiwezekani. Mgogo kwa Mgogo si utani, ni kesi. Kabla ya mchana tulikuwa tumeshafika kwenye ng'ombe wa babu yake ambaye babu yangu anadaiwa kumpokea, na badala ya kula akapandisha homa. Nimeacha.

5. Nalalamika kwamba Katibu wenu hana mtani, na hili ni la hatari kuliko yote.

Nilimwuliza, "Mwanangu, kwenu ni wapi?" Akanijibu, "Sisi sote ni Watanzania, mzee." Sikatai. Utanzania hata mimi ninao, niliupata kwa kukesha kwenye mikutano. Lakini mtu akificha kwao, atataniwa na nani? Akifa nani atachukua ile tai akatembea nayo uani?

Anapoingia wodini kila mtu ananyamaza na kusimama wima, naye anaondoka akidhani ameheshimiwa. Tangu Jumatatu tai yake ya bluu ina doa la mlenda, kubwa kama jani la mlenda lenyewe. Amezunguka nalo hospitali nzima. Amekaa nalo kikaoni. Madaktari wameliona, manesi wameliona, mpishi ameliona na akalijua ni la sufuria gani. Hakuna aliyethubutu. Sista Zaitun angemwambia siku ile ile, tena mbele yetu, angemwuliza kama amebeba mboga ya jioni. Katibu angenuna kidogo, angeifua, yangekwisha.

Ndugu Mwenyekiti, mimi sikusoma semina. Ila najiuliza, mkubwa ambaye watumishi wake wanaogopa kumwambia tai yake ina mlenda, ni nani atakayemwambia kwamba bandeji zimekwisha? Zimekwisha tangu Jumanne. Nadhani bado hajaambiwa. Mwambie wewe, na la tai pia.

Kwa hayo, naomba yafuatayo:

Kwanza, Sista Zaitun arudishwe wodini kabla ya Ijumaa, si kwa msamaha, maana hajakosa, ila kama dawa inavyorudishwa kabatini kwake.

Pili, hospitali iajiri Mtani wa Wodi, mwenye kiti na sare. Wodi ya Wagogo ipewe Mnyamwezi, za wengine zipewe wanaostahili, na zamu zipangwe ili asikosekane hata Jumapili. Najua mtasema fungu halipo. Sasa si ni wakati wa soko huria? Viwanda vimebinafsishwa, hata utani ubinafsishwe. Kuna Wanyamwezi tele wanauza mitumba pale Majengo, nimewasikia kwa masikio haya mapana, wana vipaji ambavyo Serikali haijavigusa.

Tatu, kwa kuwa Bwana Anthony hana kabila, niko tayari kumwazima langu. Atakuwa Mgogo kwa muda wote atakaokuwa Katibu, atapata haki zote isipokuwa ng'ombe. Sista akirudi aanze na yeye, mimi nitasubiri zamu yangu.

Nne, kama Kamati ikikaa lazima iondoe kitu, basi iondoe bango.

Ni mimi niliyelala katika ujenzi wa Taifa,

Kefa Ndahani,
mwenye mguu.

Wasalimie wajumbe wote wa Kamati, na wake zao, na waume zao kama wapo. Msalimie mpishi, mwambie mlenda wake unashika. Ukipita Majengo msalimie Mama Erica, usiguse nyanya. Bwana Anthony nitamsalimia mwenyewe atakapokuja kuchukua barua.

NYONGEZA: Nilikuwa nimeshaikunja barua, nimeifungua tena. Naomba msisome hoja ya kwanza, wala zozote zilizosimama juu yake, ambazo nadhani ni zote.

Sista Zaitun amepita sasa hivi analeta mashuka kutoka stoo. Nikampa asome ili aone ninavyompigania. Alisoma amesimama, kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, mabega yakimtikisika, nikadhani analia. Alipomaliza akainama akaninong'oneza kwenye sikio, kwenye lile lile dirisha: "Mzee, mimi si Mnyamwezi. Mimi ni Mmanyema wa Ujiji. Tabora nilisomea uuguzi tu."

Nikamwuliza mbona siku zote hizi ameniacha nimwite mpagazi, tena mbele ya wageni wa ukaguzi. Akasema, "Ulipoletwa ulikuwa umekataa kula kwa sababu ya habari ya mguu. Nikakusalimu, ukaniita mpagazi, halafu ukaomba uji. Ningekusahihisha ungekufa umeelimika."

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, mambo yamegeuka. Yale malalamiko aliyoyataka Bwana Anthony sasa ninayo. Nimetukanwa na mtu asiye mtani wangu, bila desturi yoyote kumruhusu, kwa makusudi, karibu kila siku, mpaka kidonda kikaanza kufunga. Naomba apewe adhabu kali. Arudishwe Wodi Namba Mbili akabiliane nami ana kwa ana, na asitoke humo mpaka nitoke mimi kwa miguu yangu, yote miwili. Na mimi nina kosa la kumwita mama wa watu mpagazi bila kibali cha mababu. Niandikeni, tutumikie pamoja.

Ila Ijumaa mkija kutusomea hukumu, semeni kwa sauti ndogo. Sista alipoinuka alimpiga Askofu mguuni kwa shuka, akamwambia, "Baba Askofu, ibada imekwisha, sogea nitandike." Bartolomayo akageuka kutoka ukutani. Akasema, "Mpagazi, umerudi? Uji uko wapi?"

Yeye bado hajui. Msimwambie, hajamaliza kikombe.